Ufunguo wa Mnara

Valcreuse, 12 Prairial, Mwaka wa Pili wa Jamhuri
(au mwisho wa Mei, kama mama anavyong'ang'ania kusema)

Mdogo wangu Lazare,

Pokea salamu za nyumba nzima, kisha unijibu upesi: u mzima? Kile kikohozi cha kambini kimekuacha? Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua. Binti yako Toinette ameota meno mawili na anamng'ata kila anayemshika. Mimi mwili mzima, lakini moyo umenichacha. Nimechoka na kijiji hiki, nimechoka kabisa.

Nianze na lile lililokufikia nusunusu. Ni kweli, kengele kubwa tuliipeleka. Sheria ilisema kila kanisa libaki na kengele moja, zilizosalia ziyeyushwe ziwe mizinga, na mimi kama meya ndiye niliyechagua. Nikatoa kubwa, nikabakiza ile ndogo inayolia kama sufuria. Nilikuwa nakufikiria wewe. Wafalme wa Ulaya wamewaelekezea bunduki huko mpakani, nami niikalie shaba yote ile ili iweje? Tangu siku hiyo sina raha. Nikipita kisimani wanawake wananiuliza kama mwananchi meya amelala vizuri bila kelele. Mzee Edme, mtunza kanisa, huuvulia mnara kofia kana kwamba anapita msibani.

Unanijua nilivyo. Mimi ndiye niliyewasomea tangazo kwamba ufalme umekwisha, sauti ikitetemeka kwa furaha. Mimi na wewe tuliyabeba makaratasi ya kodi za Markizi, yule mwinyi wa ardhi yetu, tukayachoma uwanjani, na watu hawahawa wakacheza kuuzunguka moto. Mfalme aliyedai kawekwa na Mungu hawakumwogopa. Sasa wingu jeusi likitokeza juu ya mlima wanakimbilia mnarani kupiga kengele, eti mvua ya mawe iogope ipite kwingine. Nimewaeleza mpaka mate yamenikauka kwamba barafu haina masikio. Mwishowe baraza likapiga marufuku, nami nikaufunga mnara, ufunguo nikautia mfukoni. Edme akaniambia mbele ya watu kwamba kumwondoa mfalme ni kazi rahisi, kwani mfalme ana shingo. Wingu je, nitalikata wapi? Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Basi siku nane zilizopita wingu likaja. Chini lilikuwa na ukijani, ile rangi aliyokuwa akiiogopa baba. Shemeji Claudine alikuja mbio kutoka shamba lenu la mlimani, mtoto kifuani, akanikuta uwanjani na nusu ya kijiji imekwisha kunizunguka. Akaniomba ufunguo. Akasema mizabibu ile ulimwachia yeye, ina miaka minne, mwaka huu ndio ingeanza kuzaa sawasawa, na ukirudi atakuonyesha nini. Hakupaza sauti. Aliniita shemeji, hakuniita meya. Nami nikamjibu kama ninayehutubia baraza. Nikamuuliza mke wa askari wa Jamhuri haoni haya kuhangaika na ushirikina. Akasema sawa, akaondoka mtoto akilia.

Mawe yalianguka kwa muda wa kuchemsha yai, si zaidi. Ndugu yangu, shamba lenu limekwisha. Halina jani, mashina yamechubuka, na hata mwakani sitegemei kitu. Langu la bondeni halikuguswa. Nimemwambia Claudine nusu ya zabibu zangu ni zenu, akageuka akaenda kukamua mbuzi.

Na kijiji? Kijiji kinasema bonde limeokolewa na kengele ndogo, maana waliisikia ikilia. Wameamua kwamba Edme ndiye aliyefungua kufuli kwa ujanja akaipiga. Mzee anakana, na kadiri anavyokana ndivyo wanavyomletea mvinyo. Wanamtaka awe meya. Wanasema ile kubwa ingekuwepo, na mlima ungepona.

Edme anasema kweli, Lazare. Aliyepiga ni mimi. Claudine alipokata kona na watu walipotawanyika kukimbilia majumbani, nililitazama wingu lile na miguu ikanipeleka yenyewe. Nikajifungia ndani mtu asinione, nikaivuta kamba mpaka viganja vikachunika, nikiwaita watakatifu wote tuliofundishwa na mama, mmoja mmoja. Siamini mambo hayo. Nakuapia siamini. Lakini nilivuta, na mawe yakaanguka huku navuta.

Mkeo hasemi nami. Akidhani mimi ni mtu mkavu nisiyeamini kitu, labda siku moja atanisamehe, kwa kuwa watu wakavu wapo duniani. Lakini nitamwambiaje kwamba nilikuwa na hofu ileile yake, na nikamfukuza kwa sababu watu walikuwa wananitazama? Naona aibu kukuandikia hata wewe. Ukiona afadhali ajue, mweleze wewe, maana mimi mdomo haufunguki.

Mama anakuombea na anakukumbusha uvae soksi kavu. Majirani wanakusalimu, hata wale wanaonicheka. Claudine hakunipa neno la kukuandikia safari hii. Kesho atakwenda kijiji cha pili kumtafuta mtu mwingine wa kumwandikia barua zake.

Nakutakia uzima na kurudi salama,
kaka yako,
Philibert