Neno la Kujaribia Kalamu

Jumapili, 5 Juni 2011

Kalamu sita zimeoshwa. Maji ya vuguvugu, si ya moto. Ya mwisho ilikuwa na wino wa zambarau uliogandia ndani, nikabadilisha maji mara saba. Vidole vyangu navyo zambarau. Kanisani wanadhani ni rangi ya nywele. Nawaacha wadhani hivyo.

Mwanangu Furaha anasema mama za wenzake Jumapili huangalia tamthilia. Amesema kwa Kiingereza, kawaida yake. Nimemjibu kwa Kiswahili, kawaida yangu.

Ile ya kijani nimeiosha mwisho. Ncha nene ya dhahabu, mistari myeusi kwenye kijani. Miezi minne niliikodolea macho kwenye soko la vitu vya zamani, kila Jumapili nikiomba asitokee mwenye pesa zake. Hakutokea. Shajara hii naiandika kwa hiyo tu. Furaha haruhusiwi hata kuifungua kifuniko. Masista wa shule yetu kule nyumbani Uvira walikuwa wakali kwa jambo hilo: kalamu ya wino haiazimwi, inazoea mkono wa mwenyewe.

Baridi. Jiko la umeme la kupashia chumba limekufa tena.

Jumanne, 7 Juni

Mama Salima amekuja saluni kwangu kusukwa. Mrundi wa Buyenzi, ana duka la vitambaa mtaa wa Mayfair. Mteja mzuri, hatingishi kichwa. Ameniletea kalamu ya baba yake imefungwa kwenye leso. Amesikia kwamba natengeneza.

Baba yake ni mwalimu wa madrasa, watu wote wanamwita Maalim. Ananakili daftari la marehemu baba yake. Daftari lenyewe liliingia maji walipokuwa wanakimbia nchi, kurasa zinamomonyoka. Zimebaki kama thelathini za kunakili. Anataka amalize kabla ya Ramadhani, maana mwezi huo wajukuu wote watakuwa kwake kila jioni na anataka kuwasomea. Tatizo ni mkono. Unatetemeka, na kila mwezi unazidi. Kalamu ya kawaida hawezi, inataka kukandamizwa. Hii nyeusi ndiyo pekee inayokwenda bila nguvu, na sasa haivuti wino.

Nimesema niachie. Nilifurahi kupita kiasi, nakiri. Hapa Joubert Park huniletei kalamu, unaniletea kichwa nikisuke.

Jumatatu, 13 Juni

Saluni imefungwa. Siku yangu.

Nimeifungua kalamu ya Maalim. Mpira wa ndani umeoza, umetoka vipandevipande. Nimetia mpya, nimegundisha, nimengoja ukauke. Inavuta wino vizuri.

Nikaijaribu. Inakwaruza. Nimeangalia kwa lenzi: ncha imelika upande mmoja, mshazari kabisa. Maskini mzee, nikasema, lazima iliwahi kumponyoka ikaanguka sakafuni. Sikuombwa, lakini kazi nusu si kazi yangu. Msasa laini juu ya kioo, nusu saa, polepole. Nimeisawazisha mpaka inateleza. Kusema kweli inaandika vizuri kuliko ya kwangu. Nimeandika ukurasa mzima kwa raha tu, majina ya mitaa yote ya Uvira ninayoikumbuka.

Najivunia. Hakuna wa kumwonyesha.

Alhamisi, 16 Juni

Sikukuu. Vichwa tisa. Mama Salima amepita kuchukua kalamu. Nilimwambia: mwambie Maalim nimemrekebishia na ncha pia. Mgongo unauma. Nimeridhika.

Jumamosi, 18 Juni

Mama Salima karudi, amesimama mlangoni. Kalamu inamkatalia mzee. Inaruka, inachana karatasi.

Nimekasirika. Niliijaribu mwenyewe, ukurasa mzima! Ni karatasi hiyo. Au wino wa bei rahisi. Nimesema abadilishe karatasi.

"Sharp, mama, nitamwambia," akasema, ile sawa ya watu wa hapa. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeamini.

Jumatano, 22 Juni

Mama Salima amepiga simu: mzee amebadilisha karatasi. Amebadilisha na wino. Vilevile.

Siku nne hajaandika mstari. Tangu simu hiyo nimesuka vibaya, nimefumua, nimeanza upya. Mteja kauliza kama ninaumwa. Jumatatu naenda mwenyewe. Nitamwonyesha kwamba inaandika.

Jumatatu, 27 Juni

Nimekwenda kumwonyesha. Nimeonyeshwa mimi.

Mzee mwembamba, kofia nyeupe, koti la baridi ndani ya nyumba. Meza karibu na dirisha. Salima, miaka saba, yuko mkekani na kitabu chake. Nikatoa karatasi, nikaandika jina langu kwa kalamu yake, ikateleza kama siagi. Nikampa.

Akaishika. Akaipeleka mwisho wa kulia wa karatasi.

Hapo hapo nilijua, kabla wino haujagusa. Anaandika Kiarabu. Anatoka kulia kwenda kushoto. Ule mshazari haukuwa wa kuanguka. Ni miaka arobaini ya mkono wake, ukisukuma upande ule mmoja, mpaka ncha ikakubali. Mimi nikaufuta kwa nusu saa ili kalamu iende upande wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Kichwa cha mtu sikigusi kabla hajakaa kwenye kiti, nione nywele zinaota kuelekea wapi. Kalamu yake nimeikata bila kuuona mkono. Na masista walinifundisha!

Alijaribu neno moja, fupi. Ikaruka, ikachana. Akalirudia. Karatasi akaikunja, akaitupa kwenye kapu. Nikauliza ameandika nini. "Chai," akasema. Salima akacheka. Ndiyo desturi yake: akijaribu kalamu huandika chai. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi, lazima aiweke kwenye droo, na droo haina nafasi ya majaribio. Chai inatupika.

Nikamwambia. "Maalim, pardon. Ni miye njo niliiharibu. Nilizani iko mbovu."

Akaniangalia kidogo. Halafu akasema, "Basi, mwanangu. Hukujua." Angenifokea ningejisikia nafuu.

Akanionyesha daftari la baba yake. Nilidhani ni Kiarabu kitupu, dua. Akaanza kusoma kwa sauti na nikaelewa kila neno. Ni Kiswahili! Herufi za Kiarabu, maneno yetu. Nani alizaliwa lini, nani alimwoa nani, mwaka ziwa lilipopanda likaingia sokoni, dawa ya kikohozi cha mtoto. Salima aliacha kitabu chake, akasikiliza. Kule shuleni kwao ni Kiingereza na Kizulu tu, lakini alicheka mahali pa kuchekea.

Kurasa thelathini na moja. Wiki tano. Dhahabu niliyoisaga imekwenda, siwezi kuirudisha.

Jumamosi, 2 Julai

Mapumziko ya mchana nimekwenda Marshalltown, kwenye duka linalouza kalamu za ofisini. Kijana wa kaunta mpole. Anasema ncha ya mshazari hutumwa ng'ambo kuchongwa, miezi mitatu. Nikamshukuru. Nimenunua kalamu mbili za bei ndogo nichonge mwenyewe.

Jumatatu, 4 Julai

Ya kwanza imekwisha mikononi mwangu. Ncha nyembamba, nikisaga upande mmoja haibaki kitu. Ya pili imefanikiwa, nimempelekea. Ni ngumu. Inataka kukandamizwa. Ameandika chai mbili, ya tatu mkono ukaanza kuruka, wino ukamwagika hadi kwenye kitambaa cha meza. Akaiweka chini taratibu. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama anamtuliza mtoto wa mtu mwingine.

Akamwomba binti yake chai. Ya kunywa.

Nimerudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nilihitaji baridi.

Jumatano, 6 Julai

Inatakiwa ncha nene. Yenye nyama ya kutosha kuondoa upande mmoja na ibaki. Na laini, iende bila nguvu.

Najua iko wapi. Sitaki kuiandika.

Jumapili, 10 Julai

Basi niandike. Ni hii niliyoishika.

Sitaki. Ni kitu pekee katika mji huu nilichojinunulia mimi, si cha Furaha, si cha kodi, si cha kutuma nyumbani. Miezi minne niliisubiri. Nikiichonga mshazari haitaniandikia tena, wala haitauzika. Na nikikosea, tutakuwa tumeharibu mbili.

Kanisani nimeomba apatikane mwenye ncha nene ya kuuza. Nikajishtukia katikati ya sala. Namtuma Mungu dukani wakati kalamu iko kwenye mkoba wangu.

Furaha ameuliza, kwa Kiingereza, kwa nini nisimpe mzee ya kwangu. Nimemfokea. Halafu nikaona aibu, nikampikia sambaza, dagaa wa kwetu, zimebaki kidogo za pakiti iliyotoka nyumbani.

Nimeijaza wino mara moja ya mwisho. Naandika polepole leo. Nasikia inavyokwenda. Naipenda sana kalamu hii.

Jumatatu, 11 Julai

Naandika kwa penseli ya Furaha.

Safari hii sikufanya kazi nyumbani. Nilipeleka kioo, msasa, lenzi, bakuli la maji, vyote mezani kwa Maalim. Nikamwomba kwanza aandike hewani, bila kalamu. Nikautazama mkono wake kama robo saa. Unavyolala. Kidole gumba kinavyoegemea. Kutetemeka kwenyewe kuna mwendo wake, huja mwisho wa neno, si mwanzo. Nilipaswa kuutazama hivi mwezi uliopita.

Nikatoa ya kijani. Aliitambua kuwa si ya kuchezea. "Hii ni yako, Mama Furaha," akasema. "Usinitie deni moyoni." Nikamwambia nimeshaamua, asinifanye niamue tena kwa sababu sina uhakika nitaweza.

Nikasaga. Mara tatu tu. Nikaosha, nikachovya, nikampa. Chai. Inakwaruza. Nikasaga mara tatu. Chai. Salima alikuwa na kazi ya kutupa karatasi kapuni na kuhesabu kwa sauti. Chai ya nane ilikuwa afadhali. Ya kumi na moja mbaya kuliko ya nane. Nilikuwa nimezidisha pembeni. Mama Salima akaja na vikombe akaona nyuso zetu, akarudi jikoni navyo.

Nikabadilisha pembe kidogo. Msasa laini zaidi. Sikuwa nasaga tena, ni kama kupangusa. Chai ya kumi na tano. Ya kumi na sita. Maalim hakuwa akisema nzuri au mbaya, anaandika tu na kunirudishia.

Akaanza ya kumi na tisa. Nikaona mkono unakwenda kushoto, kushoto, haurudi. Neno refu kuliko chai. Wino ulitoka sawasawa, mnene ukishuka na mwembamba ukipita, na mkono ulipotetemeka mwishoni kalamu haikuruka, iliusindikiza tu. Salima akanyoosha mkono achukue karatasi aitupe.

Babu yake akamzuia. Akaikunja mara mbili. Akavuta droo, akaiweka ndani, akaifunga.

Sikuuliza ameandika nini. Nikaenda bafuni kunawa mikono na nikakaa huko kidogo.

Alhamisi, 14 Julai

Penseli ni kitu cha kusikitisha. Mama Salima anasema jana mzee kaandika kurasa mbili. Nimefurahi. Nimeikumbuka ya kijani siku nzima, vyote pamoja.

Jumamosi, 23 Julai

Vichwa saba. Zimebaki kurasa kumi na moja. Hasimami ila kwa sala na chakula.

Jumapili, 31 Julai

Daftari limekwisha jana alasiri. Mama Salima amelileta saluni pamoja na Salima, nilione kabla wajukuu hawajaanza kusomewa, ingawa tumefunga Jumapili, tumekutana mlangoni tu. Kurasa zote, safi. Nimelifungua upande usio wake, akaligeuza. Ukurasa wa mwisho una mistari minne. Desturi yao, mwenye kunakili huandika nani kanakili, wapi, kwa kalamu gani. Salima ametusomea, kidole kikitoka kulia. Jina la babu yake. Mayfair. Halafu akafika kwenye jina langu, akalisoma kwa herufi mojamoja mpaka likakamilika, na "aliyeichonga kalamu."

Sikujua jina langu likiandikwa hivyo lina umbo gani. Ni fupi. Lina nukta mbili karibu na mwanzo.

Maalim amenitumia pia kalamu yake nyeusi, kwenye leso ileile. Ujumbe wake ni kwamba haina kazi tena kwake, imeshajifunza kwenda upande wangu. Kesho au keshokutwa wanaanza kufunga, wanangoja mwezi.

Furaha anapika ugali, na leo hajaniuliza kitu kwa Kiingereza. Ameuliza jina lake nalo likiandikwa hivyo linakuwaje. Nimesema tutamwuliza Salima.

Kalamu nyeusi nimeijaza wino wa bluu. Kwenye kipande cha karatasi nimeijaribu. Chai. Imeteleza bila kelele yoyote. Nimekitupa kipande kapuni, nikafungua shajara.