Mabano Uliyoyafuta

Mzee Elirehema, shikamoo.

Najua huitikii tena. Lakini miaka tisa niliyokaa nyuma ya kiti chako ukumbini sikuwahi kuanza kuzungumza nawe bila shikamoo, na sitakunyima leo eti kwa sababu nimekukasirikia. Ndiyo, nimekukasirikia. Na bado nakulilia, hata kazini, hata mbele ya watu.

Tangu tukuzike kule juu kwenye migomba yako, kiti cha mwandishi mkuu wa vikao vya nchi zetu nakikalia mimi, Neema wako wa Sombetini, uliyekuwa ukinitania kwamba naandika haraka kuliko wajumbe wanavyofikiri. Wajumbe ni walewale. Ile nchi kubwa tuliyoipachika jina la Mwenye Nyumba bado inakuja Arusha na rasimu iliyokwisha kuchapwa kabla kikao hakijafunguliwa. Nchi ndogo, wapangaji wetu, bado zinatabasamu, zinashukuru kwa mapokezi mazuri, kisha zinaomba muda wa kushauriana na nyumbani.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuyasoma matabasamu hayo. Wakati wa mapumziko ulikuwa unamenya ndizi mbivu kutoka shambani kwako, unanionyesha wajumbe barazani kwa kidevu. "Yule anayecheka sana, huyo hajakubali. Mwangalie atakavyoomba mabano." Maana ndiyo kazi yetu hiyo: maneno ambayo nchi moja haijayakubali tunayaweka ndani ya mabano ya mraba, na yakiwa humo hayana nguvu mpaka mwenye pingamizi aseme mwenyewe mabano yatolewe. Mjumbe akinyamaza, ulinikaririsha, andika kwamba amenyamaza. Usikubali kwa niaba yake.

Sasa sikiliza kilichonitia wasiwasi. Siku ya mazishi yako alikuja yule bwana mrefu wa ujumbe wa Mwenye Nyumba. Alileta shada kubwa kuliko la kanisa, akalia kuliko wanao. Nikasema moyoni, haya, labda mlipendana. Lakini watu walipokuwa kwenye chakula nilimwona amemwinamia mkeo, anamuuliza makabrasha yako ya kazini uliyaacha wapi, eti anataka ukumbusho wa rafiki. Ukumbusho gani huo, Mzee? Mtu anaomba picha, anaomba hata kofia.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Tengeru nikapanda kwako kwa bodaboda. Mama, mkeo, alinifungulia stoo ya kahawa, akaniachia boksi lako lote bila swali, na mimi nikaona haya kwa jinsi alivyoniamini. Ndani yake nilikuta rasimu ya mwisho uliyoishika, ule mkataba wa mizigo. Kifungu kinasema Mwenye Nyumba anaweza kusimamisha malori ya jirani yanayopita kwake "pale itakapobidi". Maneno hayo yalikuwa kwenye mabano, niliyachapa mwenyewe. Nawe umeyakata mabano kwa penseli yako, na pembeni umeandika: "Wamekubali."

Nilikaa juu ya gunia. Nikasema hapana, huu si mwandiko wake. Lakini ile k yako iliyoinama naijua hata gizani.

Wiki hii mkataba ulirudi mezani ili usainiwe. Kabla ya kikao nilimfuata barazani yule mama anayeongoza ujumbe wa nchi ndogo kuliko zote, ambayo mizigo yake yote lazima ipite kwa Mwenye Nyumba. Nikamuuliza kama kweli walikubali. Aliangalia kwanza nani yuko karibu. "Hatukukubali, binti yangu. Tulinyamaza. Malori yetu yalikuwa yamezuiwa mpakani siku ya nne, na dawa za hospitali zimo ndani. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

Tangu hapo nakuchunguza kama polisi, na najichukia kwa hilo. Wiki ile uliyofuta mabano presha ilikuwa imekupanda. Ulisahau miwani, ukaniita kwa jina la dada yako. Basi ulikosea. Lakini ni wiki ileile kitinda mimba wako alipopata nafasi ya kusoma kwenye chuo cha Mwenye Nyumba, tukachinja mbuzi, na bwana mrefu akakatiwa kipande cha kwanza. Basi ulijua. Nikilala ulikosea, nikiamka ulijua. Hukuniachia hata neno moja la kunisaidia.

Bosi mpya aliniambia niache, marehemu asisumbuliwe. Nilitamani kumtii. Karatasi ilikuwa moja tu, ningeweza kuitia motoni jikoni kwa Mama na ubaki Mzee wangu msafi. Lakini yale malori yangebaki kwenye huruma ya mtu mmoja, na kila yatakaposimamishwa ningejua.

Jana nilisimama. Mwandishi hasimami, nakumbuka. Nikawasomea kifungu kilivyokuwa, nikaonyesha alama za penseli yako. Bwana mrefu, yule aliyekulilia, akasema upesi kwamba marehemu alikuwa mgonjwa, alichanganyikiwa. Hakumaliza hata kupangusa midomo baada ya kula msibani kwako, Mzee! Yule mama wa nchi ndogo hakunitazama. Alisema tu, kwa upole, kwamba ujumbe wake unaomba mabano. Wa pembeni yake naye akaomba. Kisha wa tatu, ambaye mizigo yake wala haipiti huko. Hakuna aliyesema hapana. Mkataba haukusainiwa.

Halafu nikarudi kukaa, kwa sababu muhtasari ni kazi yangu, na ilibidi nawe uingie humo. Niliandika: "Mwandishi mkuu wa wakati huo aliondoa mabano." Nikaweka nukta. Sikuandika "kwa makosa". Sikuandika "kwa makusudi". Sijui, na wewe ndiye uliyenikataza kuandika nisichokijua.

Kwaheri, Mzee wangu. Kesho nitapanda kwa Mama nimweleze mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Akinifukuza, nitakaa nje mpaka anifungulie. Na nakuahidi hili: akiniuliza kama ulikuwa mwizi wa maneno ya watu, nitanyamaza, na nitamwambia kwamba kimya changu asikichukue kama jibu.

Neema