Kiingereza cha ku Mulango Wetu

Kamina, tarehe 14 Machi 1999

Mupendwa Yaya Urbain, kaka yangu,

Ninakusalimia mu jina la Bwana wetu. Muko namna gani kule Ndola? Mama Julie, muguu wake ulishapona? Siye huku tunapumua, Mungu asifiwe, lakini moyo wangu haukae.

Weye unajua tabia ya bwana yangu, shemeji yako Philémon, ya kuandika somo la Kiingereza ku mulango kwa chaki, tusome bote mbele ya kutoka. Hakuchoka! Alisema kila siku: nyuma ya want weka to, kiisha verbe, ni kusema kitenzi. Hata miye, na unga ku mikono, niliimba naye: I want to eat, ninataka kula. I want to drink water, ninataka kunywa maji. Mutoto wetu Lise alikuwa anatucheka mpaka machozi.

Hiyo mulango njo ilituuza. Baaskari bageni benye kusema Kiingereza balipita mu avenue yetu, bakasoma, bakacheka, bakapiga hodi. Balitafuta muntu wa kuwatafsiria. Balimupakiza Philémon mu kamyo, bakaenda naye kwenye vita. Tangu Noeli hatuna habari yake. Ninaogopa, yaya. Hata chakula kinanishinda.

Nilifuta mulango. Nilimukataza Lise: kama banarudia, weye hujui hata neno moja la Kiingereza.

Jana balirudia. Nilijibu kwa Swahili tu, kichwa chini. Mukubwa wabo akakaa ku kiti cha Philémon, akapangusa jasho, akasema polepole: I want to drink water. Mama yangu eh! Lise, mutoto wa adabu, alishasimama, kopo mukononi. Akaniangalia. Yule muntu alikunywa, akashukuru vizuri, akasema batamufuata Lise siku ya jumanne, abatafsirie.

Mutoto mwanamuke wa miaka kumi na sita, katikati ya baaskari! Hapana. Sikubali.

Basi usishangae kuona barua hii mukononi mwa Lise. Mwila wa kanisa letu, cheminot mwenye kutumika ku reli, anamupeleka na train ya leo mpaka Lubumbashi, kiisha ku mupaka. Miye ninabaki, juu Philémon akirudi asikute nyumba imefungwa.

Unisalimie Mama Julie, Seth na Théo. Mungu abafunike bote na mukono wake. Lise atafika kwenu bubu, juu nilimutisha sana. Mumwambie kwenu ni ruhusa kusema Kiingereza. Mumuombe maji kwa Kiingereza, asimame bila woga.

Ndugu yako mwenye kukupenda,
Phébé