Picha ya Bibi Yako Bado Haijamfikia

Mwanangu Neema,

Kosa la wapiga picha wengi ni kudhani kazi imekwisha picha ikishaingia kwenye kamera. Nililisema hili mara nyingi katika klabu yetu pale shuleni Newala, tukishamaliza sala ya kufungua. Leo nalirudia kwako, nawe uko Dar es Salaam na kamera yako mwenyewe.

Ulikuwa kidato cha tatu. Niliwapa zoezi la kupiga picha za watu wakiwa kazini, tukaenda wote kwa bibi yako. Alikuwa akibangua korosho, mikono imeiva kwa utomvu. Ukampiga kwa mbali, bila hata shikamoo. Picha ilikuwa nzuri, kusema kweli: mwanga wa ubavuni, fokasi imetulia machoni. Lakini alisikia mlio wa kamera.

“Mke mwenzangu, unanivizia kama kuku wa kuchinja? Na mwalimu wako anatazama tu.”

Nilikueleza palepale kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kuchukua sura yake bila ruhusa ni kuchukua kisicho chako. Ukaifuta ile picha mbele yake, ukapiga goti, ukamwamkia. Akaitikia marahaba, akaingia ndani. Mwezi ule maji yalikuwa ya shida, unakumbuka. Akachota kwenye mtungi wa maji ya kunywa, akanawa uso, akajifunga kanga mpya, akaketi.

“Haya. Sasa piga mtu.”

Ukapiga, ukamwahidi kumletea. Kila ukija likizo ulimwonyesha kwenye simu, naye akakujibu kwamba ya kwenye simu ameshaiona, anangoja ya ukutani.

Jumapili baada ya ibada nilipita kumsalimu. Alinitambua kwa sauti. Jicho moja limezimika, na la pili limeanza kuingia ukungu, ingawa kitu akikisogeza karibu bado anakiona. Akauliza kama mke mwenzake angali anamsubirisha. Msumari ameshaupigilia, kando ya msalaba.

Sina wasiwasi nawe. Msichana aliyefuta picha nzuri kwa ajili ya heshima ya bibi yake hashindwi na hili lililobaki. Mungu akulinde huko.

Leo, kabla studio hazijafungwa, isafishe picha hiyo, iwe kubwa, uipakie kwenye basi la Newala.

Mwalimu wako wa picha