Nilivyokataa Kupandishwa Chumba

Shemeji yangu mpendwa,

Anayekuandikia ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mzee wa miaka sabini na minane, niliyewazika wenye hoteli wawili, msimamizi mmoja mwenye sauti ya honi, madaktari watatu walioniambia niache chumvi, na meno yangu ishirini na tisa. Matatu yaliyobaki yanakusalimu. Goti lako linasemaje siku hizi? Mama watoto hajambo? Na yule mjukuu wako aliyefungua redio kutafuta mtu aliyemo ndani, je, amekwisha mpata? Mimi mzima. Nakula, nalala, nabishana.

Ukiona herufi zinapanda na kushuka kama kuku wanaofukuzwa, usicheke. Nilimwomba mpwa wako aniandikie, akakataa katakata. Sababu utaikuta huko chini, tulia usome.

Mpwa wako huyo, binti yangu mkubwa, kazi yake unaijua. Leo yuko kiwanda hiki, kesho ghala lile, anapandisha mawe ya kupimia juu ya mizani za watu aone kama zinasema kweli. Kila aendako analala hoteli. Sasa hoteli hizi ambazo ni za ukoo mmoja zina ujanja wao, shemeji. Ukilala kwao wanakuandikia pointi. Pointi zikijaa, unalala bure. Ukizidi kulala, wanakupa kadi ya dhahabu, na wenye kadi hiyo wakifika mapokezi wanapandishwa, yaani wewe umeomba chumba cha kawaida, wao wanakupa kikubwa chenye sebule yake, wenyewe wanakiita swiiti. Nilimwambia mtu anayetunzwa kwa kulala, huyo maisha ameyapatia. Akasema baba, usingizi wenyewe ungeujua usingesema hivyo, mwaka huu nimelala nje ya kwangu siku mia na nne. Kisha akaniambia pointi zake zinakufa mwisho wa mwezi, nichague hoteli yoyote katika ukoo ule, anipeleke nikapumzike siku mbili.

Alidhani nitachagua ile yenye bwawa la kuogelea. Mimi nikamtajia ile ya ghorofa saba, nyuma ya posta ya zamani. Ndiyo, hiyo hiyo. Ile ambayo mimi na wewe tuliweka vigae ghorofa ya nne nzima, mimi nikiwa na miaka thelathini na minne na wewe kijana wa ishirini na sita, mkono mwepesi kuliko wote pale kazini baada ya wangu. Siku hizi imenunuliwa na ukoo huo wa pointi. Na nilikuwa nimesikia dukani kwa muuza saruji kwamba Jumamosi ya wiki ijayo ghorofa ya nne inavunjwa yote, vigae, mabomba, kila kitu. Hilo sikumwambia binti. Nilichukua gololi moja ya mjukuu nikaitia mfukoni, na pimamaji langu nikalifunga ndani ya taulo.

Tulipofika mapokezi, binti wa pale alibonyeza mashine yake, akaiona ile dhahabu, uso ukachanua. Akanipongeza, akasema nimepandishwa hadi ghorofa ya saba, chumba kipya, beseni la kuogea mtu mzima ananyoosha miguu. Nikamwambia ahsante mwanangu, mimi nataka mia nne na tisa. Akanieleza kwa upole kwamba hicho ni cha zamani, kimebaki siku chache kifungwe. Nikasema na mimi ni wa zamani, nimebaki siku chache nifungwe, tutaelewana. Akamwita meneja. Meneja alidhani nimekasirika, basi akanipa swiiti ya pembeni, yenye madirisha pande mbili. Nikakataa. Akaongeza na kikapu cha matunda. Nikakataa. Shemeji, kila nilipokataa walinipandisha. Kwa ukaidi wangu huu ningefika paani. Mwishowe meneja akamuuliza mpwa wako, kwa sauti ya chini, kama mzee yuko sawa. Mpwa wako akamjibu kwamba mzee hajawahi kuwa sawa, ila chumba hicho mpeni, mkibishana naye mtafunga mwaka hapa. Wakanipa ufunguo wa mia nne na tisa, na ndizi mbili.

Chumba chenyewe, mapazia yamebadilishwa, kitanda kimebadilishwa, ukutani wameweka televisheni kubwa kama mlango wa ghala. Lakini bafu! Vigae vile vile vyeupe vyenye mstari wa kijani, na mistari yake imenyooka kama siku ulipoipanga. Nikasimama mlangoni, nikavua viatu bila kujua.

Nyuma ya mlango palikuwa na ule mpira wenye mpini wa kusukumia maji. Unaukumbuka. Maji yalikuwa yanasimama sakafuni, wageni wa kwanza walikuwa waingie baada ya siku tatu, hapakuwa na muda wa kuvunja, msimamizi akaleta mpira, akautundika, akasema utasukuma hadi tutakaporekebisha. Miaka arobaini na minne! Mama wa usafi alipoingia kubadilisha mataulo, nilimuuliza habari zake. Akasema mpira wamebadilisha mara nyingi lakini mahali pake ni hapo hapo, aliyemfundisha kazi aliukuta, na aliyemfundisha huyo pia aliukuta. Akasema wao hawasemi mia nne na tisa. Wanasema chumba cha dimbwi.

Niliposikia neno hilo nikakaa ukingoni mwa kitanda.

Alipotoka, nikaweka gololi chini, pale pale mbele ya tundu la maji. Ilitulia kidogo, kama inayofikiri, halafu ikaanza kutembea. Ikalipa tundu mgongo. Ikaenda zake mpaka pembe ya dirishani, ikagonga ukuta, ikakaa. Nikairudisha. Ikaenda tena. Mara ya tano mpwa wako akanikuta nimepiga magoti, akadhani nimeanguka.

Ile pembe ina kigae kilicholegea. Nikamwita fundi wa hoteli, kijana mstaarabu, nikamwambia kwa kuwa Jumamosi anavunja vyote, aning'olee hiki kimoja leo. Akakitoa kwa patasi, kikatoka kizima. Nikakigeuza. Shemeji, saruji yako ya kubandikia iko nyuma yake mpaka leo, mistari ya mwiko wa meno imelala sawasawa kama nywele zilizochanwa, unene mmoja toka ncha hadi ncha. Kisha nikaweka pimamaji kwenye saruji ya chini, ile niliyomwaga mimi. Mteremko unaenda dirishani. Hauendi kwenye tundu. Fundi akatazama, akasema aliyeweka vigae hana kosa, aliyemwaga chini ndiye aliyepotea.

Basi nisikie sasa, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu salamu.

Siku niliyomwaga ile saruji, pimamaji langu lilikuwa limeanguka ngazini, kioo kimepasuka. Lako lilikuwepo, ningeliazima. Lakini nilikuwa nimekwisha jigamba mbele ya vibarua kwamba jicho langu ndilo pimamaji, vyombo ni vya wanaojifunza. Nikamwaga kwa jicho. Maji yaliposimama, msimamizi akaniuliza kama chini kulipimwa. Nikasema kulipimwa, mara mbili. Wewe ulikuwa umesimama pale na ndoo. Ukanitazama, ukaniamini, ukasema, basi ni mkono wangu. Ukafukuzwa jioni ile. Dada yako alikuwa na mimba ya huyu mkagua mizani. Sikutajii hilo liwe kisingizio, nakutajia kwa sababu nililitumia kama kisingizio miaka yote.

Hukushika tena kigae. Ukaenda kuuza mbegu. Hata bafu lako mwenyewe ni saruji tupu, na nilipokuja kukutembelea nilikucheka. Mimi ndiye niliyekubandika jina la Dimbwi, shemeji, mimi, na nimeisimulia hadithi hiyo kwenye kila harusi hadi wajukuu wanaijua. Dada yako kila nilipoianza alikuwa anainuka kwenda jikoni. Nilijidanganya kwamba huenda jicho langu lilikuwa sahihi na kweli mkono wako uliteleza. Nilikwenda hotelini kutafuta hilo. Gololi ikakataa.

Nilimwambia mpwa wako yote, pale pale sakafuni. Akasema, pointi zangu baba nakupa zote, lakini mkono wangu kwenye barua hiyo sikupi.

Zilizobaki amezitumia. Mia nne na tisa imeandikwa jina lako Alhamisi na Ijumaa, Jumamosi wanaanza kuvunja. Atakufuata na gari Alhamisi asubuhi, uje na mama watoto. Ukifika mapokezi watataka kukupandisha. Kataa. Njoo na pimamaji lako, usiniamini mimi. Na kama hutaki kunikuta huko, sitakuwepo; mwambie tu mpwa wako. Ukitaka nije, nitakuja na mwiko, na tukitoka hapo twende kwako tulifanye lile bafu. Chini utapima wewe.

Kigae chako nimekifunga ndani ya kanga ya dada yako, mpwa wako anakuletea pamoja na barua hii. Kigeuze. Nisalimie mama watoto na wajukuu, yule wa redio umsalimie mara mbili.

Ukidhani nimetia chumvi, na madaktari walikwisha nikataza, muulize mama wa usafi wa ghorofa ya nne, muulize fundi mwenye patasi, muulize mpwa wako ambaye kazi yake ni kujua mizani inayodanganya. Hao watatu waliona.

Ni mimi shemeji yako, mwenye jina lake tangu mwanzo,

Dimbwi