Dole la Kushoto

Fundi, uko hapo? Nimetoka shuleni kwa binti yangu sasa hivi.

Nimemkuta kavalishwa soksi mkono wa kushoto, imefungwa kamba kwenye kifundo. Soksi! Mtoto wa miaka saba! Eti asiandikie mkono huo.

Nikaingia naye ofisini. Mwalimu mkuu kajikalia kwenye kiti chake cha kuzunguka, ananiambia, "Baba, mkono huo ni wa chooni. Tunamsaidia mtoto."

Wa chooni! Marehemu mke wangu alikata vitambaa vya nusu ya mtaa kwa mkono huo. Hata suruali aliyoivaa yule bwana kaishona yeye!

Akanisukumia fomu. "Weka dole kwamba umekubali, la sivyo hana nafasi hapa." Hata hakuniuliza kama najua kuandika jina langu. Najua!

Nikalegea, ndugu yangu, sikufichi. Shule nyingine iko wapi? Nikanyoosha dole gumba la kulia.

Akaniangalia kama zuzu. "Siyo hilo, mzee. La kushoto. Fomu zote ni dole la kushoto."

La kushoto, Fundi! Kwa mdomo wake mwenyewe, na soksi iko mbele yake!

Nikalichovya kwenye wino, nikaipaka fomu yake yote, juu mpaka chini. Soksi nikamvua mtoto, nikamwachia yule bwana mezani avae yeye.

Njiani mtoto kanishika palepale penye wino. Vidole vyake vya kushoto vimekuwa vyeusi tii, anaviangalia anacheka. Hajacheka tangu muhula uanze.