Dawa za Nyatichi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi cha Litein, tarehe 21 Agosti 2024, saa tisa alasiri.
Jina: Janeffer Chelimo. Umri: miaka 22. Kazi: mwanafunzi. Makazi: Roret.

Niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha umma. Ninasoma sayansi ya ubongo, si udaktari. Kwenye maabara tunapasua panya. Sijawahi kumtibu mtu. Lakini nyumbani mama huniita daktari mbele ya watu, nami sijawahi kumsahihisha.

Mnamo Jumapili tarehe 11 Agosti, baada ya ibada, jirani yetu Mokaya alinisimamisha nje ya kanisa. Mkewe, Nyatichi, ana kifafa. Aliniambia dawa zinamlaza sana, hata juzi alisinzia akikamua ng'ombe. Akauliza, "Daktari, tupunguze?" Akina mama wa kanisa walikuwa wanasikiliza. Nikamjibu, "Mpe nusu." Sikuuliza hata jina la dawa.

Mnamo tarehe 19 Agosti, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, nilisikia mayowe kutoka shamba lao la majani chai. Nilipofika, Nyatichi alikuwa amelala bila fahamu kando ya kisiki, uso umepasuka. Mokaya alikuwa amemshika kichwa, shati lake limejaa damu. Majirani walisema amempiga, kwa sababu jana yake walisikika wakigombana. Mimi niliona ulimi wa Nyatichi umeumwa na meno yake mwenyewe. Nilijua ni kifafa. Nilinyamaza.

Polisi walipokuja, Mokaya alisema mkewe ameanguka. Aliniangalia, lakini hakunitaja. Niliinamisha macho mpaka gari likaondoka naye.

Siku mbili nilijifungia nyumbani nikisema nina homa. Leo mama alirudi kutoka hospitali alikokwenda kumwona Nyatichi. Alisema amefungua macho ila hawezi kuongea, na kwamba Mokaya afungwe. Hapo nikamwambia ukweli. Mama aliketi chini. Kisha akaniambia nivae viatu.

Mokaya hakumpiga mkewe. Mimi ndiye niliyesema apewe nusu ya dawa. Nimesomewa maneno haya, ni yangu yote, na hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Sahihi: J. Chelimo

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo naye akayakubali. Nimepiga simu hospitali. Wamethibitisha alama za meno kwenye ulimi. Mokaya ameachiliwa saa kumi na moja na robo jioni. Shahidi alikuwa bado anamngoja kwenye benchi. Alimwomba msamaha. Mokaya alimuuliza kama sasa arudishe dawa zote. Shahidi alijibu, "Sijui." Wametoka pamoja kwenda kuuliza hospitali.
Konstebo Kiplimo